Nyota kwenye Bega la Shafti

Mwenyewe akisimulia hataki apunguziwe hata chembe. Ukimkatiza ukamwambia, "Lakini Fundi, wewe hukujua," atakuruka palepale: "Nyamaza wewe! Asiyejua ana nafuu. Mimi nilikuwa najua kila kitu, na hilo ndilo lililoniponza." Kisha atacheka mpaka akohoe, atajifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, na ataanzia mwanzo, maana hadithi hii haipendi kuanzia katikati.

Alikuwa fundi mkerezaji, mkubwa wa wakerezaji wote katika karakana inayotengeneza vipuri vya pampu za maji ya mji. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile ya kukereza, akigeuza vyuma vya mviringo kuwa shafti, ile mihimili inayozungusha pampu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, mpaka kwa muuza magazeti, alikuwa Fundi Nyota.

Jina hilo lilitokana na desturi ya pale karakana. Kijana akimaliza uanagenzi hukabidhiwa panchi yake mwenyewe, yaani kipande cha chuma kigumu chenye urefu wa kidole, chenye alama nchani. Ukimaliza kazi unaisimamisha panchi juu ya chuma, unapiga nyundo mara moja, ko! na alama yako inabaki hapo mpaka chuma kife. Wenzake walichagua nukta, kijiti, herufi. Yeye alichagua nyota ya ncha tano, ncha kali, zenye kuonekana. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne," husema, "na kichwa kilikuwa kimevimba kiasi kwamba kofia ilikuwa hainitoshi."

Tena kulikuwa na suala la mahali pa kuipiga. Mafundi wengine walipiga alama mwishoni kabisa mwa shafti, kwenye uso wake wa duara, mahali ambapo ikishafungwa kwenye pampu hakuna jicho litakalopaona tena. Fundi Nyota alikataa katakata. "Kazi nzuri nikaifiche kwa nini? Kwani nimeiiba?" Akawa anaipiga nyota yake begani. Bega la shafti ni pale inapoacha kuwa nene na kuanza kuwa nyembamba, na pampu ikifungwa bega hubaki wazi, kwa hiyo kila anayepita anaiona nyota na kuuliza ni ya nani. Na wapo waliouliza kweli, watatu au wanne, katika miaka thelathini na mmoja.

Sasa basi, shafti zenyewe zilikuwa zinakatika. Kila baada ya miezi tisa au kumi pampu moja ilinguruma vibaya, ikanyamaza, na ikifunguliwa shafti ilikutwa vipande viwili, imekatika bila hata kupinda. Nusu ya mji ilikaa siku nne, tano, bila tone. Na kila mara aliyekuwa wa kwanza kufika na maelezo alikuwa Fundi Nyota. Chuma cha siku hizi si chuma. Wale wa pampu wanawasha mitambo kama wanawasha redio. Umeme unarukaruka. Mnunuzi wa karakana ana shemeji anayeuza chuma, basi mnategemea nini? Alikuwa na sababu za kutosha kila mtu, akabaki na za akiba.

Nyumbani walikaa ghorofa ya tatu. Maji yakikatika, boza la maji lilikuja kusimama barabarani, na mkewe alishuka na ndoo mbili na kupanda nazo ngazi arobaini na nane. Yeye hakubeba. Alikuwa na hoja: mikono yake ni ya kukereza, inapima unene wa unywele, ikibeba ndoo leo kesho itatetemeka na shafti itaharibika na maji yatakatika tena. Mkewe alimsikiliza, akamtazama, akashuka na ndoo. Miaka ilipopita, goti la kulia la mama huyo likaanza kugoma. Akawa anapanda ubavuubavu kama kaa, mkono ukutani, akipumzika kila ghorofa. Na mumewe, akiwa amekaa kwenye kochi, alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe: "Hilo goti ni uzito, mke wangu. Punguza uzito."

"Nililisema," hukiri siku hizi. "Tena nilikuwa natafuna."

Hapo ndipo anapoingia mpwa wake. Alikuwa binti wa marehemu dada yake, alikuja kwao akiwa na miaka tisa na mkoba mmoja. Alilala sebuleni, alifanya kazi za shule kwenye meza yenye vipimo vya mjomba, na alipokuwa mkubwa akasomea uhandisi, huko nako akachagua kusomea uchovu wa chuma. Aliporudi akaajiriwa karakana ileile. Mbele za watu alimwita "Fundi," wakibaki wawili alimwita "Mjomba."

"Chuma kinachoka, Mjomba," alimwambia siku ya kwanza.

"Kinachoka? Kimelima shamba la nani? Mimi nina miaka thelathini nimesimama hapa na sijachoka."

Binti hakubishana. Aliokota waya, akaupinda huku, akaupinda kule, huku, kule, kama mara kumi na mbili, ukakatika mikononi mwake. "Sikuuvuta. Niliupinda tu, kidogokidogo. Shafti nayo ikizunguka inapindika kidogo kila mzunguko, kiasi ambacho jicho halioni. Juu ya ngozi yake kunaanza ufa mdogo. Kila mzunguko ufa unasogea. Siku moja kinachobaki hakitoshi kushikilia, ndiyo pa! Inakatika."

"Kwa hiyo tuipumzishe. Tuipe likizo."

"Hapana. Tuikaze ngozi, ufa ukose pa kuanzia."

Na namna ya kuikaza ngozi, kwa maelezo yake, ilikuwa ni leza. Fundi Nyota alicheka hadi akaegemea mashine. Yeye alijua chuma kinatengenezwa kwa chuma: kisu, nyundo, tupa, jasho. Leo anaambiwa kuna mwanga utakaokuja kukifundisha chuma adabu! Lakini meneja aliipenda habari hiyo, maana watu wa mjini walikuwa wamechoka kuliko chuma. Chuo fulani cha utafiti kikaazimisha mtambo wa leza kwa miezi sita. Mtambo ukahitaji chumba kisicho na vumbi na chenye dirisha la hewa, na chumba chenye dirisha kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa cha Fundi Nyota. Akahamishwa, yeye na kiti chake na kalenda zake, hadi pembeni mwa kompresa, karibu na choo.

Hapo vita ikawa rasmi.

Kazi yenyewe ya leza aliitazama kupitia dirishani, akiwa amevaa miwani myeusi aliyolazimishwa kuvaa. Binti alibandika utepe mweusi juu ya bega la shafti. Juu ya utepe akapitisha maji, membamba kama pazia. Kisha mwale ukapiga: pa! Utepe uliungua pale ulipopigwa, mvuke wake ukataka kulipuka nje, maji yakauzuia, na kishindo chote kikakosa njia kikaingia ndani ya chuma. Chuma kilibonyea kidogo tu, duara dogo kuliko ukucha, na ngozi yake ikabanwa. Pa! Duara la pili kando ya la kwanza. Pa! Pa! Mpaka bega zima likazungukwa.

"Anapiga picha za pasipoti," Fundi Nyota alimwambia Kimya, mkerezaji mwenzake. Kimya alikuwa mtu ambaye neno lake moja lilitosha wiki nzima. Alama yake ilikuwa nukta, na aliipiga mwishoni mwa shafti.

Meneja akaweka masharti, na masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Zitakerezwa shafti mbili za chuma kimoja. Ya kwanza itabaki ya kawaida, ya pili itapigwa leza. Zote zitafungwa, moja baada ya nyingine, kwenye mashine kubwa ya majaribio iliyokuwa ikizungusha na kupinda chuma kwa wakati mmoja, mara mia tatu kwa dakika, usiku na mchana, mpaka kikatike, nayo ijizime yenyewe na kuacha hesabu kwenye kaunta. Shafti ya leza ikivuka mizunguko milioni tatu, mtambo utanunuliwa na chumba ni cha mhandisi. Ikishindwa, mtambo urudi ulikotoka, na mhandisi arudi stoo, alikoanzia, kugawa nati na bolti na kusahihisha fomu.

Ya kawaida alipewa Kimya aikereze. Ya leza binti alimletea mjomba wake. Alikuja mwenyewe pale karibu na choo, akasimama kwa heshima, akasema, "Mjomba, hakuna mwingine anayeweza kunikerezea hii." Ilikuwa kweli, na Fundi Nyota alijua ilikuwa kweli, na kichwa kikavimba tena. Aliikereza shafti ile kwa siku mbili. Ilitoka safi, ungeweza kujitazama usoni ndani yake.

Baada ya leza ilirudi kwake akague vipimo. Lo! Bega lake zuri lilikuwa limejaa vibonyeo, limefubaa. "Hapo usipaguse tena, hata kwa msasa," binti alisema, akatoka kwenda kula.

Na sasa tumefika pale ambapo Fundi Nyota mwenyewe, akisimulia, husimama, akavuta pumzi. Kwa sababu alikuwa ameshaapa mbele ya karakana nzima kwamba shafti ile itashindwa. Alikuwa anataka ishindwe, arudishiwe dirisha lake. Lakini mawazo yakamjia: je, ikishinda? Ikishinda itawekwa kwenye kabati la vioo pale mlangoni, watakuja wakubwa, watapiga picha, na shafti haina nyota! Watu watadhani imekerezwa na nani, na mwanga? Basi akaamua kuweka miguu kote kote. Ikishindwa, si alishasema. Ikishinda, nyota yake ipo. Wote wakiwa kwenye chakula alitoa panchi mfukoni, akaisimamisha begani katikati ya vile vibonyeo, akapiga nyundo. Ko! Kisha akapaka grisi nyingi juu yake, kwa heshima ya mpwa wake.

Shafti ya Kimya ilifungwa kwanza. Ilikatika kwenye mizunguko laki nane na elfu arobaini. Jumatatu alasiri ikafungwa ya leza. Jumatano asubuhi mashine ilikutwa kimya, imejizima yenyewe, na kaunta inasoma laki tano na elfu kumi na mbili.

Haikuifikia hata ile ya kawaida!

Habari ilienea kabla watu hawajavua makoti. Fundi Nyota alipofika saa mbili alipokelewa kama bwana harusi. "Fundi, ulisema!" "Mzee, wewe ni mtabiri!" Mlinzi akampa mkono. Meneja akamwita pembeni: kikao ni saa nne, watu wa pampu wanakuja, na angependa Fundi aeleze kwa lugha ya kawaida kwa nini mambo ya mwanga hayawezi. "Na chumbani kwako utarudi leo leo," akaongeza. Fundi Nyota aliitika kwa unyenyekevu mkubwa, ule wa mtu anayejizuia kuruka.

Akaenda kuchukua vile vipande viwili ili avitumie kwenye hotuba yake. Alivikuta mezani kando ya mashine, vimefutwa mafuta, vimeviringishwa kwenye kitambaa safi. Akadhani ni mfanya usafi. Akavibeba hadi chumba cha leza, kwenye dirisha lake, akatoa lenzi yake ya kukuzia, akainama.

Uso wa chuma kilichokatika kwa uchovu husomeka. Binti alikuwa amemfundisha, ingawa yeye alijifanya hasikii. Sehemu ya mwisho kukatika huwa na chengachenga. Ile ambayo ufa uliitembea polepole huwa laini, na ina mistari ya kupinda, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Ukiifuata mistari ikizidi kuwa midogo, itakupeleka hadi pale ufa ulipozaliwa. Fundi Nyota aliifuata. Mkubwa, mdogo, mdogo zaidi. Ikampeleka ukingoni. Ikampeleka kwenye ncha ya nyota.

Aligeuza kipande cha pili. Kile nacho kilikuwa na nusu yake ya nyota, ncha mbili na kipande, na ufa ulikuwa umepita katikati yake kama uliochorwa kwa rula. Leza ilikuwa imefunga milango yote ya bega lile. Yeye alikuwa amekuja na panchi akafungua mmoja.

"Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi," husema.

Na hapa hajifichi pia. Mfukoni mwa ovaroli yake kulikuwa na tupa ndogo. Hakuna aliyekuwa ameviangalia vipande vile, alidhani. Kusugua mara tano, sita, nyota ingefutika, na ukingo uliobaki ungeonekana kama uliogongwa wakati wa kufungua mashine. Chumba kingerudi kwake. Binti alikuwa bado kijana, angepata kazi nyingine. Akaitoa tupa. Akasugua. Mara moja tu, lakini alisugua, na ukitaka kumfurahisha akisimulia usiipunguze hiyo mara moja.

Mlango ukafunguliwa. Mpwa wake aliingia na sanduku la karatasi, akaanza kutia vitu vyake ndani: miwani, mikunjo ya utepe mweusi, kikombe, kalenda yenye ratiba ya miezi mitatu ijayo. Alimwona mjomba wake na vile vipande. Hakuuliza kitu.

"Nimekufungulia dirisha, Mjomba, hewa ya mtambo itoke," alisema. "Kiti chako kipo kule kwenye choo, nitakuletea baada ya kikao. Ule mguu uliokuwa unacheza nimeshaukaza." Kisha akabeba sanduku akatoka, mabega yameshuka.

Fundi Nyota aliitazama tupa mkononi mwake. Angependa kusema kwamba alifikiria maji ya mji, au ukweli, au sayansi. Alifikiria ule mguu wa kiti.

Kikaoni walikuwa watu saba. Meneja alianza kwa masikitiko, akamgeukia mhandisi. "Chanzo cha kukatika ni nini?"

Binti alisimama. "Sijakithibitisha, bosi. Jaribio lilikuwa langu. Nawajibika mimi."

"Haya. Fundi, tueleze."

Fundi Nyota alisimama, akakifungua kitambaa mezani. "Ndugu zangu," alisema, "mnajua mimi ni mtu wa kujisifu."

"Tunajua," alisema Kimya. Hilo likawa neno lake la wiki.

"Basi leo nisikilizeni vizuri, maana kuna kazi nimeifanya ambayo hakuna fundi mwingine angeiweza. Leza imekaza chuma, mhandisi amefanya kila kitu sawasawa, chuma kilikuwa tayari kuzunguka mpaka tuzeeke. Ikahitajika akili yangu yote, na uzoefu wa miaka thelathini na mmoja, kukiharibu." Akapitisha lenzi. "Fuateni mistari. Mtafika kwangu."

Lenzi ilizunguka meza. Wa kwanza kucheka alikuwa mtu wa pampu, halafu mnunuzi, ambaye alikuwa akimdai Fundi kwa muda mrefu kwa ule mzaha wa shemeji, naye akacheka hadi akatoka nje. Meneja hakucheka. "Uliipiga baada ya kuambiwa usipaguse?"

"Baada ya kuambiwa. Na asubuhi hii nilitaka kuifuta kwa tupa. Angalieni pembeni, alama ya tupa ipo. Moja."

Meneja alichezea kalamu. Mwishowe akasema jaribio litarudiwa, Kimya atakereza, na Fundi Nyota atafagia chumba cha leza mpaka majibu yatoke, asubuhi na jioni, bila panchi mfukoni. Fundi akasema ahsante. Alikuwa anatarajia barua ya kufukuzwa kazi.

Walipobaki wawili kwenye korido, alimwambia mpwa wake, "Mwanangu, nisamehe. Ningepaswa kukwambia mapema, hata kabla ya kikao—"

"Mjomba, niliona saa moja na nusu."

"Uliona nini?"

"Nyota. Nilikuja kabla ya watu. Mimi ndiye niliyevifuta vile vipande."

Alimtazama bila kuelewa. "Uliona, na ukasimama mbele ya watu ukasema hujui?"

"Ningesemaje?" Akalitua chini sanduku lake. "Nimekula kwako miaka kumi na tano. Nisimame pale niwaambie ni Mjomba? Stoo nitarudi tu, nimeshawahi kukaa stoo. Lakini wewe ungekaa wapi?"

Fundi Nyota alianza kulia palepale, kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mpwa wake alimshika mkono, akamkalisha juu ya sanduku lake la miwani, naye Fundi akaivunja miwani moja.

Alipotulia, binti akasema taratibu, "Kuna jambo jingine, na silipendi." Wakaenda nyuma ya karakana kwenye rundo la chuma chakavu, ambako shafti za pampu zilizokatika zilikuwa zimetupwa kwa miaka. Zote zilikuwa zake, maana kazi za pampu alikuwa hampi mtu mwingine. Walizitoa moja moja, wakazifuta. Zilikuwa kumi na nne. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, moja hawakuielewa. Kumi na moja zilikuwa zimekatika begani, kwenye nyota.

Kumi na moja. Alizipanga chini kwa mstari, akakaa kando yake. Chuma cha siku hizi, watu wa pampu, umeme, shemeji wa mnunuzi. Aliwakumbuka wote mmoja mmoja, na kesho yake aliwapitia wote mmoja mmoja. Mnunuzi alimfanya arudie mara mbili.

Mtu mmoja tu hakumwambia. Mbele ya kikao alikuwa shujaa, lakini nyumbani ujasiri uliishia mlangoni. Kila jioni alijisemea kesho. Majibu yatoke kwanza, nimwambie nikiwa na habari njema ya kushushia. Kimya akakereza, binti akapiga leza, mashine ikawashwa. Fundi Nyota alifagia. Laki tano ikapita, akashindwa kula. Laki nane na arobaini ikapita. Milioni. Siku ya saba kaunta ikavuka milioni tatu na mashine ikaendelea kuzunguka kama haina habari, na binti akamrukia mjomba wake shingoni, ufagio na yeye.

Jioni hiyo alipanda ngazi zake akiwa na maneno tayari. Lakini siku mbili kabla, shafti moja ya zamani ilikuwa imekatika huko kwenye pampu, ya kumi na mbili, na maji hayakuwapo. Alimkuta mkewe ghorofa ya pili, amekaa kwenye ngazi, ndoo mbili zimejaa kando yake, analikanda goti.

Akakaa ngazi moja chini yake. Akamweleza yote: panchi, bega, mistari ya kitunguu, tupa, rundo, zile kumi na moja na hii ya juzi. Hakubakiza. Mkewe alisikiliza huku mkono wake ukizidi kwenda polepole juu ya goti, mpaka ukasimama.

"Kwa hiyo hizi ndoo," alisema.

"Ni mimi."

"Za mwaka ule nina mimba ya mtoto wa mwisho?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa umekaa kwenye kochi."

"Nilikuwa nimekaa."

Alitegemea atukanwe. Alikuwa amejiandaa, hata alitamani. Mkewe akalivuta gauni kidogo, akaunyoosha mguu mbele yake. Goti lilikuwa limevimba, kubwa kuliko mwenzake karibu mara mbili.

"Panchi unayo?"

"Ninayo. Nimeiacha nyumbani. Kwa nini?"

"Lete ulipige nyota na hili," alisema. "Si kazi yako?"

Hakuna aliyecheka. Huwa akifika hapa hacheki, na ukicheka wewe anakungoja umalize. Alisimama, akabeba ndoo zote mbili, akazipandisha ngazi zilizobaki, kisha akashuka kumfuata mkewe na kumpa bega lake aegemee. Mikono ilimtetemeka usiku kucha, na asubuhi akaenda kufagia.